Unga wa Upupu na Asubuhi za Baba

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, na usione haya kunikatiza tukifika mahali usipopaelewa. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, na wanafunzi niliowapenda zaidi ni wale waliokuwa wakiinua mkono mara ya tatu kwa swali lile lile. Ninataka kukueleza habari za baba yangu, za moyo wake, na za dawa za asili tulizomnywesha kwa upendo mwingi. Ni habari za nyumba moja tu ya Shishiyu, lakini nadhani nyumba yako nayo ina mzee, na mzee huyo hakosi kikombe anacholetewa.

Nyumba yetu ilizungukwa na ua wa minyaa. Zizi lilikuwa upande wa mashariki, hatua kama hamsini kutoka mlango wa baba. Pa kuingilia hapakuwa na mlango wa ubao, bali miti mitano iliyolazwa mmoja juu ya mwingine kati ya nguzo mbili, na kila kulipokucha baba aliivuta mmoja mmoja. Sisi watoto tulijua saa kwa sauti hiyo. Mti wa kwanza, bado unaweza kujifunika. Mti wa tatu, mama anapuliza moto. Mti wa tano, kama bado umelala, utaitwa kwa jina lako lote. Baba akishaingia aliwagusa ng'ombe migongo na kuwaambia "Mwangaluka", salamu ambayo Wasukuma tunapeana asubuhi. Mama alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye ameolewa na mume wa ng'ombe, ndiyo maana salamu yake humfikia ikiwa imepoa. Baba alijibu kutoka zizini kwamba ng'ombe wana faida moja, hawamjibu.

Nikifikiria asubuhi zile narudiwa na harufu ya samadi yenye umande na moshi wa mabua ya pamba, na ladha ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo mama alivichemsha na karanga. Hatukuwa na vingi. Lakini sikumbuki asubuhi ya utoto wangu ambayo haikufunguliwa na mikono ya baba.

Ugonjwa ulianzia kwenye mikono hiyo hiyo. Mama alikuwa ameshatutoka, nami nilikuwa nafundisha Bariadi mjini na kurudi Shishiyu kila mwisho wa wiki. Siku moja ya mavuno nilimwona baba amekaa kando ya shamba la pamba, mkono wa kulia umelala pajani, na kidole gumba kinajisugua na cha shahada kana kwamba anachambua pamba isiyokuwepo. Alipoinua mkono kunipokea, mtetemo ukaacha. Alipoushusha, ukarudi. Kisha mwendo wake ukawa mfupi, miguu ikiburura. Sauti ikapungua. Uso wake uliokuwa mwepesi wa kucheka ukatulia kama wa mtu anayesikiliza jambo la mbali. Majirani wengine walisema karogwa. Yeye alisema ni baridi, na wakati huo ilikuwa Oktoba, jua linaunguza.

Kwenye hospitali ya rufaa tukaambiwa ni Parkinson. Nilipowarudia ndugu zangu niliwaeleza kwa mfano wa kulima na maksai. Ng'ombe wapo, plau ipo, na mtu anayewaamuru ng'ombe yupo, lakini sauti yake imekuwa hafifu, haiwafikii vizuri. Ubongo una kemikali inayobeba amri kwenda kwenye viungo, na kwa mgonjwa wa Parkinson kemikali hiyo inapungua. Vidonge alivyopewa huirudishia ile sauti nguvu. Haviponyi, ila vinasaidia kweli. Ndani ya wiki chache baba alikuwa anajifunga vifungo vya shati mwenyewe, na miti mitano ikaanza tena kusikika, polepole tu kuliko zamani.

Kama mwaka na nusu ulipita hivyo. Halafu akaanza kuanguka.

Aliangukia mlangoni kwake, asubuhi, mara baada ya kutoka kitandani. Alisema dunia ilikuwa nyeusi kwa muda mfupi na moyo ulikuwa ukipiga kama mtu anayetwanga. Wiki iliyofuata ikatokea tena. Kwenye zahanati walimkalisha, wakampima, wakasema presha si mbaya ila mapigo ya moyo yako juu kidogo, na wakashauri apelekwe kwa daktari. Sisi tulilisikia neno moyo tu, na kuanzia siku hiyo kila mtu wa ukoo akawa daktari.

Hapa nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo hutatuelewa. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Na ukileta kitu cha kunywa, uwe umepika wewe au umechemsha mizizi, unaonja kwanza mbele yake. Unakunywa funda mbili tatu, unafuta mdomo, ndipo unampa. Maana yake ni kwamba sina ubaya nawe, kinachoingia kwako kimeshaingia kwangu. Naye mgonjwa akishaona umeonja, anamaliza. Kuacha nusu ni kama kusema bado nina shaka nawe. Baba alikuwa mtu wa heshima kuliko wote ninaowajua. Alimaliza kila kikombe.

Vikombe vingi vilitoka kwa shangazi, dada yake mdogo aliyeolewa Kalemela, karibu na ziwa. Alikuja na furushi la dagaa kwa ajili yetu, na kwa kaka yake alileta maua makavu ya rozela na mafungu ya kitunguu saumu. Yeye mwenyewe alikuwa na presha ya kupanda kwa miaka mingi, na mbali na vidonge vyake alikunywa rozela kila siku na kujisikia mwepesi. Alituonyesha simu yake, imejaa sauti za wanawake wa kikundi chake wakisifia kinywaji kile. Alichemsha sufuria nzima, akaponda vitunguu humo, akajaza kikombe, akanywa nusu bila kukunja uso.

Baba alichungulia ndani ya kikombe. "Hii umeichota wapi, kwenye josho?"

"Kunywa, kaka. Ng'ombe wako wanaogeshwa na hawalalamiki."

"Wao hawaogi kwa mdomo."

"Basi acha, ufe na kisirani chako, mimi nimeshakunywa yangu."

Akanywa yote. Akasema "Wabeja", ndiyo asante yetu, na shangazi akaondoka akiwa ametuachia maua ya kutosha mwezi mzima. Mimi nilimwagiza binti wa jirani, aliyempikia baba siku nikiwa Bariadi, ayachemshe asubuhi na jioni. Nikaongeza na langu. Nilikuwa nimesoma kwenye bango la kituo cha afya kwamba chumvi ni adui wa moyo, kwa hiyo nikaiondoa chumvi yote kwenye chakula cha baba. Mlenda ukawa mlenda mtupu. Alikula akisema mboga imesahau jina lake.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni langu peke yangu, wala simsingizii mtu. Pale Bariadi kuna mama mmoja mwenye duka la dawa za asili, mtu mpole, Mwislamu, mzaliwa wa Tabora. Nilimweleza kwamba baba anatetemeka na moyo wake unakwenda mbio. Akanishushia kopo la unga wa kijivu, akaniambia kwamba huu ni wa mbegu za upupu, na watu wenye kutetemeka wanausifu.

Nilicheka. Labda wewe hukukulia porini, kwa hiyo nikwambie. Upupu ni mmea unaotambaa, una maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia, na manyoya hayo yakikugusa utajikuna mpaka ulie. Tulipokuwa wadogo ulisimama kwenye mpaka wa shamba letu la pamba. Kaka yangu alinipulizia shingoni siku moja, nikakimbia nyumbani nikipiga kelele, na baba akaniketisha chini akanisugua shingo na mgongo kwa majivu na maziwa ya mgando, taratibu, huku akiniambia kwamba upupu hauna chuki na mtu, ila haupendi kuguswa na asiyeujua. Kaka alichapwa. Mimi nilinuka maziwa siku mbili. Mambo hayo yote yalinirudia pale dukani, nami nikalipenda lile kopo kabla hata sijalifungua.

Yule mama aliniuliza kama mzee anatumia dawa za hospitali. Nikamjibu kwamba anatumia za kawaida. Akaniuliza zipi. Nilikuwa na haraka ya gari la Shishiyu, nikamwambia ni za kawaida tu, mama, za wazee. Alinitazama kidogo, akaniambia nikamwulize daktari kwanza. Nikasema sawa. Sikumwuliza. Mimi niliyezoea kuwaambia watoto wasome maelekezo mpaka mwisho nilimpa baba kijiko kilichojaa, mara mbili kwa siku, ndani ya maziwa yake, na siku za kazi yule binti alimpa kwa niaba yangu. Nilionja kwanza, kama desturi inavyotaka. Sikupatwa na lolote, nikaona ni salama.

Siku za mwanzo nilifurahi. Mkono ulitulia, mwendo ukafunguka, akawa anatembea kama amepunguziwa miaka. Kisha mwili ukaanza mambo mapya. Kichwa kiliyumba pembeni bila yeye kutaka, bega likajinyonga, miguu ikacheza akiwa amekaa. Na kuanguka kukazidi. Asubuhi moja alivuta mti wa kwanza na wa pili, akainama kwa ajili ya wa tatu, na alipoinuka akaanguka ndani, kati ya miguu ya ng'ombe. Jirani aliyepita kwenda kisimani ndiye aliyemkuta. Jike moja kubwa lilikuwa limesimama juu yake, miguu miwili huku na miwili kule, limetulia tuli. Hakuvunjika kitu. Nilipofika mchana alikuwa amekaa kwenye kigoda, ana mchubuko kwenye paji la uso.

Kaka yangu, ambaye siku hizi yuko Mwanza, alipiga simu akiwa ameshaamua. Angekuja Jumamosi na gari, amchukue baba akakae naye mjini, na ng'ombe wagawiwe ndugu wa Bukundi wanaojua kuchunga. Alisema hataki kupigiwa simu siku moja aambiwe baba kakanyagwa. Hata mimi nilikuwa naogopa. Nilimpelekea baba maneno hayo kwa upole kadiri nilivyoweza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ikabidi niiname.

"Mayu," aliniita, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao, "mkininyima zizi mtakuwa mmeninyima asubuhi. Nitaamkia nini?"

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi nilimchukua kwenda kliniki ya Bariadi, na shangazi, aliyekuja kwa sababu ya habari ya kuanguka, akasema hatuendi bila yeye.

Daktari alikuwa msichana mdogo kwa umri, labda ningeweza kuwa nimemfundisha. Alimwamkia baba shikamoo kwa kuinama, akamwuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za mwili, na baba akampenda hapo hapo. Akamlaza, akambandika nyaya kifuani kupima mwenendo wa moyo. Wakati karatasi ikitoka aliuliza mzee anatumia dawa gani.

"Vidonge vyenu," akajibu baba.

"Na kingine?"

"Hakuna."

Nilijua kwa nini anasema hivyo. Vikombe vya shangazi kwake havikuwa dawa, vilikuwa heshima, na heshima ya nyumbani haipelekwi kuhojiwa. Nami nikanyamaza, kwa sababu ile ile, na kwa sababu ya lile kopo. Wewe ungefanya nini? Mimi niliangalia ukuta.

Tuliokolewa na kiu. Baba aliomba maji, na shangazi, mtu wa kujiandaa, akafungua mkoba wake akatoa chupa ya rozela, nyekundu kama wino wa kusahihishia. Akaonja mbele ya daktari, akafuta mdomo, akamkabidhi kaka yake.

Daktari hakumzuia kwa ukali. Aliuliza tu ni nini hicho, na kwa muda gani, na kama kuna vingine nyumbani. Shangazi akaeleza kwa fahari, rozela na kitunguu saumu, asubuhi na jioni. Halafu macho ya daktari yakanijia mimi. Nikaeleza habari ya chumvi. Nikaeleza habari ya kopo. Nilieleza nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Akampima baba presha akiwa amelala. Ilikuwa nzuri. Akamwomba asimame, akamshika mkono, akapima tena, akasubiri kidogo, akapima mara ya tatu. Kila tulipotazama, namba zilikuwa zimeshuka, na baba akaanza kupepesa macho. Akamkalisha haraka.

Alichotueleza ndicho nilichotaka kukufikishia wewe, kwa hiyo nitakwenda polepole. Karatasi ya moyo ilionyesha moyo mzima kwa umri wake. Tatizo lilikuwa kuinuka. Mtu akisimama damu huelekea miguuni, na mwili wenye afya hukaza mishipa mara moja ili damu irudi juu. Parkinson huichelewesha kazi hiyo. Damu inachelewa kufika kichwani, mtu anaona giza, na moyo unakwenda mbio kujaribu kufidia. Vidonge vyenyewe pia vinaweza kushusha presha. Sasa juu ya hapo sisi tulimnywesha rozela, inayoweza kuishusha zaidi, pamoja na vitunguu saumu kwa wingi, tukamwondolea chumvi ambayo kwake ilikuwa ikisaidia kuishikilia. Na zahanati walimpima akiwa amekaa, kama sote tunavyopimwa, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Kuhusu upupu alisema jambo lililonishangaza. Hakuudharau. Alisema mbegu zake zina kemikali ile ile iliyomo kwenye vidonge vya baba, na ndiyo sababu mkono ulitulia. "Lakini mwalimu," akaniambia, "kidonge kimepimwa. Kijiko chako nani alikipima?" Baba alikuwa anapata dozi juu ya dozi. Kule kujinyonga kwa bega ni dawa iliyozidi, na kuanguka pia kulichangiwa nayo. Na maziwa aliyokuwa akimezea vidonge, kwa kuwa yana protini, yalikuwa yakigombana na dawa njiani, siku nyingine inafika, siku nyingine inachelewa.

Shangazi alikuwa ameishika chupa mapajani. Hatimaye akauliza, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kama muda wote ule alikuwa anamuua kaka yake.

"Hapana, shangazi," daktari akamwambia. "Ulikuwa unamtibu ugonjwa wako wewe."

Sijasahau maneno yale. Shangazi alionja akapata nafuu, akadhani kilichomfaa yeye kitamfaa kaka yake. Mimi nilionja nisidhurike, nikadhani vivyo hivyo. Tulikuwa tunapima upendo, na upendo ulikuwepo tele. Miili yetu tu ndiyo haikuwa mwili mmoja.

Unga wa upupu uliondolewa kidogo kidogo, kwa siku chache alizozipanga daktari mwenyewe, akapanga upya na saa za vidonge. Vimezwe kwa maji, chakula kifuate baadaye, kama nusu saa hivi au zaidi. Rozela iachwe. Kitunguu saumu kibaki kwenye mboga, kama kiungo. Chumvi irudi kwa kiasi alichotuonyesha kwenye kiganja chake, akisisitiza kwamba hiyo ni kwa mzee huyu, na si kwa shangazi. Akamfundisha baba namna mpya ya kuamka, na akatuonya tusikatishe kidonge chochote kwa uamuzi wetu.

Njiani tukirudi, gari lilipopita mashamba ya Maswa, pamba ikiwa imechanua pande zote, shangazi alikuwa bado ameinamisha kichwa. Baba akasema kwamba kuanzia leo mtu akileta kikombe atakipokea kwa mikono miwili kama kawaida, ila desturi itasogezwa mbele hatua moja.

"Kwanza aonje daktari," alisema. "Akinywa akabaki amesimama, na mimi nitakunywa."

Shangazi akacheka mpaka akatoa kitambaa. Akamwambia kwamba kwa jinsi daktari alivyo mwembamba, chupa moja ingemlaza.

Jumamosi kaka alifika na gari, mapema, amevaa viatu vya mjini. Hakutaka maelezo marefu, akasema ameshaelezwa vya kutosha kwenye simu. Baba alikuwa bado ndani. Nikamwomba kaka aingie akae kimya, aone tu.

Baba alijiinua kitandani, akakaa ukingoni, miguu chini. Nilimpa bilauri ya maji, akanywa yote. Akaanza kuinua visigino na vidole, visigino na vidole, kama anayekanyaga udongo wa kufinyanga. Kaka alinitazama kama kuuliza hii nayo ni nini. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri. Baada ya muda baba akashika nguzo ya kitanda, akasimama, na hakuondoka hapo. Alisimama tu, anatetemeka mkono mmoja, anatazama mbele. Kisha akachukua fimbo, akatoka.

Hatua hamsini zile zilimchukua muda. Kaka alitembea nyuma yake, mikono imefunguka kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kwenda. Baba alivuta mti wa kwanza, wa pili. Kwa wa tatu hakuinama. Aliukunjia magoti, mgongo wima, kama alivyofundishwa, akainuka nao taratibu, akasimama tena kidogo. Wa nne. Wa tano. Akaingia.

"Mwangaluka," tukamsikia akisema huko ndani.

Kaka alivua viatu vyake, akaazima shoka kwa jirani, na kufikia Jumapili jioni kulikuwa na mkono wa miti wa kushikilia, umefungwa imara kwa waya, kutoka mlango wa baba mpaka nguzo ya zizi. Aliupiga mara nyingi kuujaribu. Kabla ya kuondoka alimwambia baba kwamba ng'ombe wanabaki kwa sharti, asiingie zizini siku atakayoona giza. Baba alimjibu kwamba hilo ni sharti la haki. Alilishika. Zilikuwepo asubuhi ambazo sauti ya miti haikusikika, na alikaa kwenye kigoda akasubiri jirani aje avute.

Sitakudanganya kwamba alipona. Mtetemo ulibaki, sauti iliendelea kupungua, na kufunga vifungo likarudi kuwa jambo la watu wawili. Lakini aliishi miaka mitatu zaidi, na hakuanguka tena zizini. Alitutoka kwa homa, kitandani mwake, katika msimu wa kupalilia. Ng'ombe sasa wako kwa kaka yangu mwingine, aliyerudi kukaa Shishiyu, ambaye ameweka mlango wa bati. Ni mlango mzuri, unafungwa kwa komeo moja. Nikilala pale huamka mapema bila sababu, najikuta nahesabu miti mpaka mitano, halafu ndipo nainuka.

Kwa hiyo nakuomba hivi, na usione ni kazi kubwa. Leo chukua mfuko, zunguka nyumba ya mzee wako, tia ndani kila kopo, kila chupa, kila mzizi na kila jani analokunywa, pamoja na vidonge vyake vya hospitali, bila kuficha hata kimoja. Siku ya kliniki mwekee daktari mfuko huo mezani, na umwombe ampime mzee presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.